Dresa na Sahani Iliyofunikwa

Shuka lake la kuonyeshea sinema lilikuwa fupi, na alilifunga juu kwa makusudi. Mapadri wa misheni pale Lodwar, walipoonyesha sinema, walitundika kitambaa kirefu kilichokaribia kugusa chini, na picha ikaingia yote. Dresa alipigilia lake ukutani kwa nje, upindo wake ukaishia usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, ili maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha yasipate mahali pa kukaa. Yakaangukia migongo ya watu waliokaa mbele.

"Maandishi yanakuibia uso," alisema. "Ukisoma, humwoni mtu. Na ukimwona mtu, unasoma nini tena?"

Mimi nilijua kusoma. Sikusoma sana, darasa la saba tu, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma maneno kwenye makatoni ya stoo. Lakini kwenye mikeka ile ya Dresa wengi hawakuwa na hata hicho, na nilikuwa nimetumaini kwamba kwa kitu hicho kimoja nitaonekana mtu. Kumbe kwa Dresa kilikuwa kitu cha kumwagwa mchangani. Kwa miaka mingi niliamini alifunga shuka fupi kwa ajili yangu. Si kweli. Mke wangu alinihakikishia kwamba lilikuwa limefungwa hivyo kabla sijafika Lodwar, na mimi nayaandika haya kwanza ili msomaji ajue ninavyoweza kumkosea haki mtu nikiachwa peke yangu na mawazo.

Alikuwa mtumishi wa dispensari. Aliosha vidonda, alidunga sindano, alipaka watoto dawa ya macho. Mtu wa kazi hiyo miaka ya sabini aliitwa dresa, na yeye aliitwa hivyo na kila mtu, hata na mkuu wake. Alikuwa Mturkana aliyekaa muda mrefu Kitale na kwingineko, akarudi na maneno machache na koti jeupe moja. Projekta na jenereta ndogo aliachiwa na mzungu mmoja wa visima aliyekuwa anarudi kwao. Filamu ziliazimwa Nairobi na mapadri, zikaja kwa lori kutoka Kitale ndani ya mikebe ya bati. Zile za bunduki, za farasi na za watakatifu mapadri walizionyesha wenyewe. Lakini mara nyingine mikebe ililetwa yenye filamu za nchi nisizozijua, ambamo watu wanakaa jikoni bila kusema neno, mmoja anaangalia dirishani, na kisha inakwisha. Mapadri hawakujua wazifanyie nini hizo. Walimpa Dresa.

Kwa hiyo nyumbani kwake, jioni upepo ukishatulia, ndiko tulikoziona. Yeye hakukaa kwenye mkeka. Alikaa juu ya kigoda chake kidogo cha mbao, ekicholong, kile ambacho wanaume wa Kiturkana hukalia mchana na kulalia kichwa usiku, mkono mmoja juu ya mashine kama mtu aliyemshika ng'ombe asiyemwamini.

Namna yake ya kuhukumu filamu haikuwa ya mtu yeyote niliyemsikia kabla wala baada. Siku moja tulionyeshwa msichana anayepanda kilima na ndoo mbili huku anaimba. Msichana mzuri, na wimbo wenyewe, ingawa hatukuuelewa, ulikuwa mtamu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuupenda. Dresa akazima jenereta.

"Ndoo hizo hazina maji," alisema gizani.

Akina mama wakaanza kucheka, maana walikuwa wameshaona. "Bega iko juu!" mmoja akapiga kelele. "Na hiyo shingo, nani anabeba maji na shingo kama hiyo?"

"Sasa Dresa, tutazame tu," nikasema. "Si ni mchezo?"

"Wewe Stoo, sikiliza." Aliniita Stoo kwa sababu nilikuwa mtunza stoo wa kazi za barabara. "Mtu akinidanganya juu ya maji, kesho atanidanganya juu ya mapenzi. Nendeni mlale."

Tukaenda kulala. Filamu ile sikuiona mwisho wake mpaka leo.

Kuhusu kufa pia alikuwa mkali. Mgonjwa akiinuka kitandani na kutoa hotuba ndefu, Dresa alisonya. "Nimewaona wakifa. Anaomba maji, ama anauliza mbuzi wako wapi. Hii hotuba anampa nani?" Lakini kulikuwa na filamu moja ambamo mzee alikufa huku anatafuta kiatu chake kwa mguu chini ya kitanda, hakipati, basi, na Dresa hakusema lolote. Alibadilisha mkanda bila kuangalia mtu. Baadaye nilimsikia akimwambia mke wangu, "Yule aliyetengeneza ile alikuwepo. Alimwona baba yake."

Na kuhusu kula. Mtu kwenye picha akibakisha chakula, mikeka yote ilipiga kelele: Nyama yote hiyo! Amewacha! Kuna watu walikuwa wamelala na chai tu, na hapo mbele yao mwanamume aliyeshiba anasukuma sahani. Dresa aliwanyamazisha. "Kama amebakisha, kuna kitu. Acheni sahani, tazameni kitu." Na kweli, dakika chache baadaye kitu kilionekana. Sijui alijuaje. Nilikaa nyuma yake nikitazama lile lile shuka alilokuwa analitazama yeye, na mimi sikuona kitu, niliona sahani.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na yake. Alizidharau filamu za bunduki mbele ya kila mtu, akasema ni za watu wasiojua jeraha. Basi Jumapili moja nikapita misheni, nikamkuta amekaa mbele kabisa kati ya watoto, mdomo wazi, farasi wanapita usoni mwake. Nilifurahi, nakiri. Nikangoja atoke.

"Dresa! Hata wewe?"

"Nimekuja kupumzisha macho," akasema, wala hakuona haya, akaniacha na furaha yangu mkononi sijui niiweke wapi.

Alisema mtu aliyeiona filamu mara moja hajaiona, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuamua kabla ya mkebe wa kwanza kwisha, na ukimpinga alikuambia uende ukaangalie tena. Alidai kimya kama padri, ila mwenyewe alikohoa, alisonya, aliongea na waigizaji. "Usimfungulie huyo," alimwambia mwanamke wa kizungu aliyekuwa amefariki labda zamani huko kwao. Na wapendanao walipokaribiana, aliweka kiganja mbele ya mwanga kama katekista alikuwepo, na kama katekista hakuwepo hakuweka.

Kwa kuwa projekta ilikuwa moja, kila mkebe ulipokwisha ilibidi tungoje aweke mwingine. Huo ndio ulikuwa wakati wake. Alizunguka kwa macho toka mkeka hadi mkeka: "Wewe umeona nini?" Hakuuliza umeelewa nini. Umeona nini. Mchunga mbuzi alijibu, muuza tumbaku alijibu, na kila mmoja alisikilizwa mpaka mwisho. Zamu yangu ikifika nilijitahidi kuwa wa haki kwa kila mtu aliyekuwa kwenye picha. Nilisema, "Kwa upande mmoja huyu bwana amekosa, lakini kwa upande mwingine ukimfikiria..." Watu wakaanza kukohoa. Dresa alinisubiri kidogo, kisha akasema, "Stoo bado anapima mizigo," wakacheka, akapita.

Aliyecheka zaidi alikuwa mke wangu.

Selina alikuwa mzaliwa wa Kakuma. Mimi nilitoka Kenya, kama walivyosema watu wa huko wakimaanisha Kitale na kuendelea, nikamwoa, tukapata binti yetu Akiru. Nyumbani Selina hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilidhani ndivyo alivyo. Halafu nikamsikia kwa Dresa. Kwenye mkeka wa mbele, akiulizwa ameona nini, alisema maneno ambayo sikujua anayo: kwamba yule mwanamke anaosha vikombe safi, kwamba yule mwanamume anapiga mlango ambao ana ufunguo wake. "Eee!" Dresa alisema. "Eee! Mama Akiru ameona." Mimi Dresa hakuwahi kuniambia eee.

Tulirudi nyumbani tunabishana, kutoka mlango wa Dresa mpaka tuvuke laga, ule mto mkavu uliokuwa kati ya nyumba yake na zetu za serikali. Yaani mimi nilibishana na Dresa, na Selina alimjibia. Na maneno ya Dresa aliyaleta mpaka ndani. Nilimwambia nitajenga nyumba ya mabati huko kwetu, akanitazama bega.

"Baba Akiru," akasema, "ndoo hiyo haina maji."

Najua msomaji anafikiri nini. Na mimi nilifikiri. Nilichunguza kadiri mtu anavyoweza kuchunguza bila kujiaibisha, na hakukuwa na kitu. Dresa hakumgusa, hakumtuma, hakuja kwangu nisipokuwepo. Kama kungekuwa na kitu ingekuwa afadhali. Ningejua la kufanya, hata kama ni kupigana. Lakini unampiga vipi mtu kwa sababu mke wako anaona vizuri zaidi akiwa kwake? Nilirudi tu na huo wivu wangu jioni baada ya jioni, nikauandika kwenye shajara, asubuhi nikausoma nikaona hauna sababu, jioni ukarudi.

Sasa nifike kwenye filamu yenyewe, ile tuliyoiita ya sahani.

Ilikuwa ya mikebe mitatu, ikafika miwili. Wa kwanza ulipotelea njiani msimu mafuriko yalipofunga barabara na mizigo ikashushwa na kupakiwa hovyo. Nairobi hawakutaka kuipokea pungufu, basi ikabaki kwa Dresa, na kila mara lori lilipokwama tuliitazama hiyo kwa kukosa nyingine. Inaanzia katikati. Mwanamke yuko peke yake kwenye nyumba ya baridi, nje kumejaa theluji. Kila jioni anaandaa meza ya watu wawili. Anakula yake. Ile sahani ya pili anaifunika kwa sahani nyingine, anafuta kiti kisichokaliwa, anazima taa. Majirani wanapita dirishani wanachungulia. Siku zinakwenda hivyo. Mwishoni mwanamume mwenye sanduku anasimama langoni, haonekani uso vizuri. Mwanamke anamtazama kupitia kioo. Halafu anarudi mezani, anaiondoa ile sahani. Basi, imekwisha.

Mwanzo wake hakuna aliyeujua. Kila mtu alijitengenezea.

Mimi nilisema mume amekufa. Nilisema kwa mara ya kwanza bila kupima: amekufa, anamlilia, na yule wa langoni ni mchumba mpya, ndiyo sababu sahani inaondolewa, matanga yamekwisha. Nililipenda wazo langu. Nililiona ni la heshima kwa wote.

Dresa alitikisa kichwa. "Hakuna aliyekufa hapo. Tazama anavyofuta kile kiti. Kiti cha marehemu hufuti hivyo, unakigusa. Huyu amemfukuza bwana yake. Amemfukuza mwenyewe, kwa mdomo wake, na sahani ni ya majirani. Wakichungulia waseme, bado anamngoja. Hamngoji mtu huyo. Anajificha nyuma ya sahani."

Kisha Selina akasema polepole, bila kugeuka, "Ni kweli. Iko wanawake wanafunika hivyo."

Niliposikia hayo sikubaki na hamu ya filamu. Maana kazi yangu ilinichelewesha. Malori yalifika saa yoyote, na mtunza stoo hafungi mpaka yafike. Nilirudi nikakuta chakula changu mezani kimefunikwa kwa sahani nyingine, na Selina ameshalala. Mwaka hadi mwaka nilikifunua nikala, nikajiona mtu anayengojwa. Tangu siku ile nilikaa mbele ya sahani ile na kuitazama kabla ya kuifunua. Ilikuwa yangu, au ya majirani?

Sikumuuliza. Nilichofanya ni kurudi kwa Dresa kila ilipoonyeshwa, nikae nyuma ya mke wangu, nisome. Maana maneno yalikuwa yanamwangukia yeye. Herufi nyeupe zilipita kwenye gauni lake, zikapinda begani, zikapotea kwenye shingo. Nilipata neno "nyumbani". Nilipata "usiku". Nilipata "kamwe", kisha akajikuna, likaenda. Nilitafuta neno moja tu la kunionyesha kwamba mume alikufa, na sikulipata mgongoni mwa mke wangu.

Halafu Dresa akahamishiwa dispensari ya Kakuma. Alipakia projekta, jenereta, mikebe yake miwili na kigoda, akaagana na kila mtu kwa mkono. Mimi aliniambia, "Stoo, endelea kupima." Sijui kama ilikuwa dhihaka. Nimelifikiria sana na bado sijui.

Nilidhani akiondoka nitapata nafasi yake. Kumbe nafasi yenyewe aliondoka nayo. Jioni tulikaa mimi na Selina nje ya nyumba, tukatazama watu wakipita kwenda mtoni, na nikamuuliza siku moja kwa sauti ya kawaida, "Umeona nini?"

"Nione nini?" akasema. "Si watu tu."

Miaka ikapita. Ndipo padri mmoja aliyekuwa Lokori akaja Lodwar na vitu vya kurudisha, na kati yake mkebe wa bati uliokaa stoo yao chini ya makatoni ya shule, umeandikwa jina la ile filamu na namba moja. Ulikuwa umepelekwa kwao kwa makosa wakati wa mafuriko. Misheni wakakumbuka Dresa. Na kwa kuwa lori letu la barabara lilikuwa linapeleka makalvati ya mitaro Kalobeyei na lingepitia Kakuma, wakanipa mimi niupeleke.

Niliuweka mezani nyumbani. Selina aliuzunguka kama mgeni.

"Usiufungue," akasema.

"Niufungue wa nini? Sina mashine."

"Nakujua." Akachukua tumbaku, akaanza kuchagua majani ya kumpelekea Dresa. Alichagua jani kwa jani, lililovunjika akaweka kando. Nilitazama mikono yake na sikupenda nilichokiona. "Ukirudi uniambie nani aliona sawa. Ukweli, Baba Akiru."

"Wewe ungependa nani awe sawa?"

Akafunga tumbaku kwenye kitambaa, akakaza fundo kwa meno.

Nilimkuta nje ya nyumba yake nyuma ya dispensari, amekaa juu ya kile kigoda, koti jeupe limekuwa la rangi ya vumbi la Kakuma. Alikuwa amekonda. Kichwani mvi.

"Ejok, Stoo," alinisalimu kwa Kiturkana, kama vile nilitoka jana.

"Ejok, Dresa."

Nikampa tumbaku ya Selina, akainusa. Nikampa mkebe. Aliusoma kwa vidole, akauweka magotini, akaufunika kwa viganja vyote viwili.

"Tuiwashe?" nikauliza.

"Balbu iliungua zamani. Ya aina hiyo Nairobi hawana tena." Akaniona nilivyokata tamaa, akacheka. "Kwani jua nalo limeungua? Kaa hapa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akitazama filamu Kakuma. Alitandika kitambaa safi mapajani ili mkanda usiguse mchanga, akauvuta kutoka kwenye gurudumu lake kipande kwa kipande, akauinua kwenye mwanga. Picha ndogo kama kucha, moja chini ya nyingine, kila moja karibu sawa na nyenzake. Alikuwa na kioo cha kukuzia, kile alichotumia kutoa miiba kwenye nyayo za watu. Aliitazama mikebe yake miwili hivyo kila alipopata nafasi, akaniambia, na kwamba mtu akitazama polepole kiasi hicho anaona mwanamke wa sahani anapepesa macho kabla ya kufunika. "Kwenye shuka hatukuwahi kuona hiyo."

Tukakaa bega kwa bega, migongo kwa ukuta. Alipitisha kwanza yeye, kisha akanipa mimi kioo. Nyumba ni ile ile. Theluji ile ile. Halafu watu waliovaa nguo nyeusi, wengi, wanatoka mlangoni. Na jeneza.

Sitaki kujipendelea: nilifurahi kwa kifo cha mtu.

"Matanga," nikasema. "Dresa, ni matanga."

"Naona." Alisogeza uso karibu na mkanda. "Nani amebeba?"

Nikavuta kidogo zaidi. Mbele kabisa, bega chini ya jeneza, alikuwa yule mwanamume anayesimama langoni mwisho wa filamu. Sanduku hakuwa nalo bado, lakini ule mgongo tuliujua wote wawili. Mume. Mzima kabisa, anamzika mama yake labda, au mama wa yule mwanamke. Dresa hakuringa. Aliendelea kuvuta mkanda. Watu wakaondoka. Wakabaki wawili jikoni, na midomo ya mwanamke ikaanza kusema, na chini ya kila picha kukawa na mstari mdogo mweupe, kama uzi.

Dresa akaacha kuvuta hapo. Akarudisha kioo machoni, akakigeuza, akakitoa.

"Macho yangu bado yanaona watu," akasema. "Herufi hayazioni tena." Akanipa. "Soma."

Nikamtazama nikidhani ananitania.

"Soma, Stoo. Hakuna shuka hapa."

Nilikuwa nimengoja neno hilo miaka yote ya Lodwar. Nikashika mkanda kwenye jua, nikaweka kioo, na maneno yakaja makubwa na wazi, Kiingereza chepesi kabisa, hata cha kwenye makatoni kilikuwa kigumu zaidi. Mwanamke alimwambia mumewe: Nenda. Nilikupikia kwa ajili yake. Sasa amezikwa, na mimi nimechoka.

Niliyasoma kimya. Dresa alikuwa ananingoja, kichwa amekiinamisha upande wangu kama mtu mwenye sikio moja. Na hapo nikaona kwamba ninaweza kusema chochote. Ningeweza kusema: anamwambia mume wa kwanza alikuwa mtu mwema. Ningeweza kusema: anasema, tangu alipokufa. Ningetengeneza marehemu mwingine, nani angejua? Yeye hasomi tena, Selina hasomi, na mkebe ungerudi Nairobi. Sahani yangu ya Lodwar ingerudi kuwa sahani ya mtu anayengojwa.

Mikono ilinitoka jasho, na niliogopa jasho litaharibu mkanda.

"Anasema, nenda," nikasema. "Anasema alimpikia kwa ajili ya huyo aliyekufa. Sasa amechoka."

Dresa akasogeza sikio karibu zaidi. "Soma tena."

Nikasoma tena, neno kwa neno, nikimfasiria.

"Kwa hiyo amemfukuza," akasema.

"Amemfukuza."

Nilingoja eee yake, ile ya kushinda. Haikuja. Alianza kuukunja mkanda kwenye gurudumu, taratibu, akiupangusa kwa kitambaa. "Mwambie Mama Akiru wewe ndiye uliyekuwa sawa."

"Kwa nini nimwambie hivyo?"

"Na mimi nifanye nini na kuwa sawa hapa? Niwaambie mbuzi?" Akaonyesha kwa kidevu projekta ndani ya mlango, imefunikwa gunia. "Nyinyi mlikuwa mnaondoka mnabishana. Nazima mashine, nasikia sauti zenu mpaka laga. Mkishavuka sisikii tena. Sikuwahi kujua mlimalizaje." Akapiga gurudumu kofi dogo, likatulia. "Mwambie ulikuwa sawa. Utakuwa umepata kitu."

Nilikasirika. Ndiyo, badala ya kumshukuru nilikasirika, kwa sababu hata katika kunipa alinizidi. Mimi nisingeweza kumpa yeye kitu kama hicho, hata nikipewa mwaka mzima wa kupima. Nikasema lori litakuwa limerudi. Akanisindikiza mpaka barabarani, akashika mkono wangu muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, akasema nimsalimie, akaongeza kwamba tumbaku ilikuwa nzuri. Sikumwona tena.

Nilifika Lodwar jua limeshazama. Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa. Lakini Selina hakuwa amelala, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, Akiru, ingawa amekua sasa, amemlalia mapajani.

"Haya," akasema.

Nikakaa. Nikasema, "Dresa. Dresa aliona sawa. Alimfukuza."

Alinitazama. Alitazama bega langu kwanza, nikajua anaangalia kama ndoo ina maji. Kisha akanyoosha mkono akaondoa sahani ya juu, yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kufanya, na mvuke ukatoka. Chakula kilikuwa kimepashwa muda si mrefu.

"Hayo ya Dresa nimesikia," akasema. "Wewe umeona nini?"

Hata swali lilikuwa la Dresa. Lilinichoma, nalo nikalimeza pamoja na tonge la kwanza. Halafu nikaanza: nikamwambia juu ya jua, na picha ndogo kama kucha, na ule mgongo chini ya jeneza. Nilipofika pale mwanamke anapopepesa macho kabla ya kufunika sahani, Selina alisema, "Eee," na nikasikia wazi kwamba nilikuwa nimeyasema hayo kwa sauti ya Dresa. Nikaendelea hivyo hivyo, chakula kikapoa.